Desimali 25 za Mzee

Marehemu baba alikuwa mtu wa kutunza karatasi. Risiti za shule, kadi zetu za chanjo, barua ya kustaafu kutoka reli, vyote alivifunga kwa uzi wa gunia na kuviweka kwenye sanduku la chuma chumbani kwake, Walukuba, hapa Jinja. Kwa hiyo alipofariki mwaka 2021, mambo mengi yalitutia wasiwasi lakini si kiwanja chake cha upande wa Kampala. "Kyapa kipo," mama alisema, akimaanisha hati ya ardhi, na akafungua sanduku. Kilikuwepo kweli, ila kilikuwa fotokopi ya fotokopi, imefifia pembeni, na mahali pa namba ya ploti palikuwa na alama ya kikombe cha chai.

Nasimulia haya kwa sababu nimetumia karibu miaka mitatu na pesa nyingi kujifunza mambo ambayo mtu angeweza kunieleza kwa asubuhi moja. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si mwanasheria. Makosa mengi humu ni yangu mwenyewe.

Kiwanja chenyewe Mzee alikinunua 1991, alipokuwa anafanya kazi Kampala. Alituambia siku zote ni "desimali 25, Kyadondo", desimali kikiwa kipimo cha ardhi huku kwetu. Juu yake alijenga mizigo sita, vyumba vya kupangisha vilivyoungana ukuta kwa ukuta, mlango mmoja mmoja, mfano wa mabehewa. Labda reli haikumtoka moyoni. Pango la mizigo hiyo ndilo lililotusomesha wadogo zangu na mimi, na baada ya kifo chake tulikubaliana ndugu wote kwamba vyumba vibaki kwa mama. Mimi, kama mtoto wa kwanza, nikateuliwa kusimamia mirathi. Hapo nikaingia kwenye mzunguko wangu: cheti cha kifo kutoka NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, barua ya mwenyekiti wa LC1 (serikali ya mtaa), kikao cha familia chenye saini, cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi wa serikali, kisha mahakama. Sehemu hiyo sitaisimulia kirefu. Ilikuwa ndefu lakini kila hatua inajulikana, na karani wa mahakama alinielekeza vizuri. Kilichonitoa jasho ni ardhi yenyewe.

Fotokopi yetu ilisema juu kabisa: Mailo, aina ya umiliki wa ardhi ya Buganda. Chini yake kaunti, Kyadondo, halafu bloki, halafu ploti. Na mahali pa wilaya iliandikwa Mpigi. Sasa mtu mwenye akili timamu akisoma Mpigi anakwenda wapi? Nilipanda basi la alfajiri kutoka Jinja, nikabadilisha takisi Kampala, nikashika barabara ya Masaka mpaka Mpigi mjini. Nilifika saa tano nimebeba bahasha yangu kifuani kama mtoto mchanga. Afisa mmoja mama aliitazama fotokopi kwa sekunde chache tu, akacheka, si kwa ubaya.

"Nyabo, hii ilikuwa Mpigi ya zamani. Wakiso ilikatwa kutoka Mpigi mwaka 2000. Karatasi yako haikupata habari."

Alinifundisha jambo ambalo naliweka hapa kabla sijasahau. Kaunti inayotajwa kwenye hati za mailo ni saza la zamani la Buganda: Kyadondo, Busiro, Kyaggwe, Mawokota, Bulemeezi na mengine. Serikali inaweza kukata wilaya, kuunda manispaa, kupandisha mji kuwa jiji, lakini saza, bloki na ploti kwenye kyapa vinabaki. Kyadondo ina sehemu ndani ya jiji la Kampala na sehemu ndani ya Wakiso. Kwa hiyo usiulize "kiwanja kiko wilaya gani kwenye karatasi", uliza kiko wapi leo juu ya ardhi, na ofisi gani ya kanda ya Wizara ya Ardhi inahudumia eneo hilo. Na hili ni la Buganda na mailo yake, iliyotokana na mkataba wa 1900 pale ardhi ilipogawanywa kwa maili za mraba. Huku kwetu Busoga hati nyingi ni za umiliki huru au za kukodi kwa miaka, nazo hutambulishwa kwa namba ya kitabu na ya ukurasa. Ardhi ya mila kwa kawaida haina hati kabisa. Ukienda na maswali ya mailo kwenye ardhi ya mila utarudi na kichwa kinauma.

Nilirudi Jinja usiku, nauli imekwenda, bila kitu mkononi.

Kosa langu la pili lilikuwa ghali zaidi. Kwa kuwa nina darasa la watoto 90 na siwezi kuomba ruhusa kila wiki, mtu mmoja wa mtaani alinipa namba ya broka "anayejua watu ndani". Broka akaniambia upekuzi wa hati ni kazi nzito, unahitaji laki nne. Nilimtumia kwa simu. Nikamtumia pia namba ya bloki na ploti kwa ujumbe mfupi. Baada ya siku tisa, Ijumaa jioni, akanitumia picha ya barua ya upekuzi. Jina la mwenye ardhi halikuwa la baba. Lilikuwa la mtu tusiyemjua, amesajiliwa 2014.

Sijui kama ninaweza kueleza wikendi ile. Mama alikaa kwenye mkeka hakula. Kaka yangu wa tatu alianza kusema labda Mzee aliuza kwa siri, labda alikuwa na familia nyingine. Maneno yaliyosemwa Jumamosi ile nyumbani kwetu mengine hayajarudi yalikotoka hadi leo. Usiku wa Jumapili ndipo mdogo wangu wa mwisho, anayesoma uhasibu, alichukua fotokopi akaisogeza kwenye taa, akaipinda pinda, akaniita. "Dada, hebu njoo. Hii ni tisa sita au sita tisa?"

Ilikuwa tisa sita. Pale kwenye alama ya kikombe mimi nilisoma sita tisa, nikaituma hivyo, na broka akapekua ploti ya jirani fulani asiyetuhusu. Laki nne zilikwenda kwa kosa la tarakimu mbili kupishana. Na kusema kweli broka hakudanganya. Aliuza kitu kinachopatikana kwa elfu kumi kwa laki nne, lakini alileta kile nilichomwagiza.

Ndiyo, elfu kumi. Nilipokwenda mwenyewe ofisi ya kanda ya Wakiso, Februari 2023, mambo yalikuwa hivi. Unakwenda na kitambulisho na nakala ya hati. Unajaza fomu ya kuomba upekuzi: kaunti, bloki, ploti. Unapata karatasi ya malipo yenye namba ya malipo (PRN) ya mamlaka ya mapato, URA. Unalipa benki shilingi 10,000 na ada ndogo ya benki juu yake, unarudisha risiti, unasubiri barua. Rejista zilianza kuingizwa kwenye kompyuta mwaka 2013, kwa hiyo mtu wa dirishani haendi tena kufukua majalada kwa kila swali. Nje ya lango utaitwa "nyabo, nyabo" na vijana wenye mafaili kwapani. Wapite tu. Nilikula chapati na mayai kando ya barabara, nikarudi, na kabla ya siku kwisha nikaelezwa lini nichukue barua.

Barua ya upekuzi ni ukurasa mmoja lakini isome kama unavyosoma matokeo ya mtihani wa mwanao. Inataja mwenye ardhi, tarehe na namba ya usajili, ukubwa, na mwishoni mizigo iliyo juu ya hati, yaani rehani ya benki, kaveti (zuio la kuuza au kuhamisha ardhi) na mengine ya namna hiyo. (Wapangaji wetu wakisikia "mizigo" wanafikiri vyumba. Nililazimika kumfafanulia mama mara mbili.) Yetu ilisema mambo matatu. La kwanza, jina ni la baba, alhamdulillahi, ila majina mawili badala ya matatu yaliyo kwenye kitambulisho chake na kwenye barua za mahakama. La pili, ukubwa ni hekta 0.101. La tatu, kuna kaveti ya mwaka 2009.

La majina lilitatuliwa kwa kiapo mbele ya kamishna wa viapo kwamba wawili hao ni mtu mmoja. Ukiwa bado hai na majina kwenye kyapa chako hayafanani na ya kitambulisho, rekebisha sasa hivi. Wewe utatumia siku chache, lakini watoto wako itabidi kwanza wathibitishe wewe ulikuwa nani.

La ukubwa lilinipa aibu. Niliona 0.101 nikaamini tumeibiwa. Baba alisema desimali 25, hapa naona kumi! Nilimpigia kaka, kaka akaanza kumtukana mpimaji wa 1991 ambaye huenda hata hayuko duniani. Ni mimi mwalimu, ninayefundisha vipimo darasa la sita, niliyekuwa sijafanya hesabu. Ekari moja ni desimali 100, na ekari moja ni kama hekta 0.405. Robo yake ni 0.101. Desimali 25 kamili, hazikupungua hata moja. Sokoni watu wanauza kwa desimali, au kwa futi, "hamsini kwa mia", ambayo ni desimali kama kumi na moja na nusu. Hati inazungumza kwa hekta. Ukinunua, weka vipimo vyote viwili kwenye makubaliano, na umwombe mtu wa pili ahesabu.

Kaveti ndiyo iliyonirudisha Kyadondo, safari hii kwenye ardhi yenyewe.

Miaka yote tulikuwa tunakwenda kwenye mizigo kukusanya pango, tunasimama upande wa barabara, tunahesabu pesa, tunaondoka. Kona ya nyuma, nyuma ya migomba, kulikuwa na nyumba ya matofali ya udongo yenye bati jekundu la kutu. Nilidhani iko kiwanja cha jirani. Jina kwenye kaveti lilikuwa la mwanamume. Mwenyekiti wa LC1 alipoliona akasema, "Huyo ni mtoto wa Jajja wa nyuma," yaani wa bibi anayekaa pale nyuma, akanipeleka.

Jajja alikuwa amekaa barazani anachambua maharage. Kwa Kiganda changu cha kubahatisha, na mwenyekiti akinisaidia, nilijitambulisha kama binti wa mwenye ardhi. Nilikuja na hasira, nakiri. Kichwani nilikuwa nimeshapanga maneno: uvamizi, mahakama, polisi. Jajja hakujibu kwanza. Aliingia ndani, akatoka na kavera, mfuko wa plastiki, nyeusi iliyofungwa fundo tatu. Alifungua fundo moja baada ya jingine kwa kucha, bila haraka, akatoa vipande vya karatasi vya rangi ya chai na kuvipanga juu ya ungo kando ya maharage. Zilikuwa risiti za busuulu, ada ya mwaka ambayo mkaaji humlipa mwenye ardhi. Ya chini kabisa ilikuwa ya 1974, yenye jina la mumewe, imeandikwa kwa kalamu ya wino na mkono mzuri wa watu wa zamani. Ya mwisho ilikuwa ya 1990, mwaka mmoja kabla ya baba kununua.

"Baba yako alikuja hapa siku ya kwanza," alisema. "Alikunywa maji kwenye kikombe changu. Akaniambia kaa, mama. Lakini busuulu hakutaka kuchukua, akasema ni pesa ndogo. Nikamwambia, pesa ndogo lakini risiti ni kubwa. Hakunisikia."

Nilirudi Kampala nikamtafuta wakili, binti wa rafiki ya mama, akanipa saa nzima kwa bei ya undugu. Akanieleza kwamba ardhi ya mailo huwa na watu wawili juu yake kisheria: mwenye kyapa, na mwenye kibanja, yaani sehemu anayokaa bila kuwa na kyapa chake. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamlinda mtu aliyekaa juu ya ardhi bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 kuanza kutumika, yaani tangu kabla ya Oktoba 1983. Inawalinda pia waliorithi kutoka kwake. Mkaaji wa namna hiyo hufuata ardhi. Kyapa kikiuzwa, anakuwa mpangaji wa mwenye kyapa mpya. Marekebisho ya 2010 yakabana zaidi: hawezi kuondolewa ila kwa amri ya mahakama, na sababu ni moja tu, kutolipa busuulu. Na busuulu yenyewe haipangwi na mwenye hati. Hupangwa na bodi ya ardhi ya wilaya na kuidhinishwa na waziri, na kwa makusudi ni kiasi kidogo. Jajja akitaka kuuza kibanja chake, anapaswa kutuambia sisi kwanza. Sisi tukitaka kuuza, yeye awe wa kwanza kuambiwa.

Nikauliza, sasa kaveti aliweka kwa nini? Kumbe mwaka 2009 kulizuka uvumi mtaani kwamba kiwanja kinauzwa kwa mtu wa kituo cha mafuta. Mtoto wake akakimbia kuweka kaveti ili mama yake asiamke siku moja akakuta tingatinga. Na akili ilikuwa kwao. Kibanja kwa kawaida hakionekani kwenye kyapa wala kwenye barua ya upekuzi. Sisi tulikijua tu kwa sababu wao walijihami. Mtu anayenunua ardhi ya mailo kwa kusoma barua ya upekuzi akiwa ofisini, bila kwenda kukaa na majirani na mwenyekiti, ananunua kyapa na asichokijua juu yake.

Tuliandikiana makubaliano mbele ya wakili na LC1: kibanja cha Jajja kinatambuliwa, mipaka yake inachorwa, busuulu inaanza upya. Mtoto wake akaondoa kaveti. Ilituchukua miezi mitatu, mingi yake ikiwa ni ya kumshawishi kaka yangu.

Ili kuchora mipaka tulihitaji mpimaji. Hapa ushauri wangu ni mfupi: mtafute aliyesajiliwa, akuonyeshe leseni, na usimlipe yote mwanzoni. Wa kwanza alitaka milioni mbili na nusu kufungua mipaka, yaani kutafuta upya mawe ya alama na kuyaonyesha. Tulimaliza na mwingine kwa milioni moja na nusu. Anatumia mchoro rasmi, ambao asili yake iko Idara ya Upimaji na Ramani, Entebbe, na vifaa vyake vya setilaiti. Waite majirani wote siku hiyo, kwa barua, na mwenyekiti awepo. Mawe matatu yalipatikana. La nne lilikuwa ndani ya banda la kuku la jirani, kama mita moja na nusu upande wake. Jirani yule bado hatujaafikiana naye. Tunasalimiana.

Na hati halisi? Baada ya kutafuta nyumba nzima, ikapatikana Bombo kwa baba mdogo. Mzee alimpa amtunzie miaka ya nyuma kwa kuogopa wezi. Nilipomuuliza kwa nini alinyamaza mwaka mzima tunapohangaika, alinitazama kwa mshangao. "Kuna mtu aliniuliza?"

Wakati mpimaji anakunja vifaa vyake, mpangaji wa chumba cha pili, fundi cherehani, alinijia na karatasi zilizokunjwa. Alikuwa amezichomeka nyuma ya mlango. "Mama, hizi zilikuja. Tulidhani ni za umeme." Zilikuwa notisi za kodi ya majengo kutoka manispaa, miaka mitatu mfululizo, zimeelekezwa kwa "Mwenye nyumba". Deni lilikuwa limeongezeka kila mwaka.

Neno kodi limetutesa sana nyumbani. Nilipomwambia mama kuna kodi hatujalipa, alinijibu, "Kodi gani tena? Si wapangaji ndio wanaolipa kodi?" Tangu siku hiyo familia yetu inasema pango kwa ya wapangaji, kodi ya majengo kwa ya manispaa, na kodi ya URA kwa ya URA. Naomba nanyi mtofautishe, maana mimi mwenyewe, nilipomaliza kulipa manispaa, nilijipongeza kwamba nimemalizana na serikali.

Kodi ya majengo inatokana na sheria ya 2005 ya serikali za mitaa. Halmashauri huajiri mthamini, anapita nyumba kwa nyumba, anakadiria jengo lingeleta pango kiasi gani kwa mwaka, anatoa sehemu kwa ajili ya matengenezo, na kinachobaki ndicho thamani ya kutozwa. Halmashauri inatoza asilimia ya hapo. Kampala, chini ya mamlaka ya jiji, KCCA, ni asilimia 6. Mahali pengine baraza hupanga lake. Nyumba unayokaa mwenyewe imesamehewa. Ya kupangisha na ya biashara haijasamehewa, na mtu asikudanganye kwamba msamaha unafunika kiwanja kizima kwa sababu una chumba kimoja unacholala ukija kukusanya pango. Tulijaribu hiyo. Haikupita.

Jambo lililonisumbua ni kuwa orodha ya wathamini haijui bloki wala ploti yako kama unavyoijua wewe. Ina namba yake ya jengo, ile iliyopakwa kwa rangi kwenye ukuta wetu na ambayo tulidhani ni ya sensa. Nilikwenda na kyapa nikaambiwa hakuna jengo kama hilo. Nikarudi nikapiga picha ukuta, nikaenda tena, likaonekana mara moja. Na lilisomeka vyumba saba. Cha saba ni nyumba ya Jajja, ambayo si yetu, na mwenyewe anaishi humo. Nilipolalamika nilielezwa kwamba orodha ikitolewa rasimu hubandikwa hadharani, na kuna muda wa kupeleka pingamizi mbele ya baraza la kusikiliza mashauri ya uthamini. Muda wetu ulipita tukiwa hatujui hata kama rasimu ipo. Njia iliyobaki ilikuwa kuomba marekebisho kwenye orodha ya nyongeza, kwa barua, pamoja na makubaliano ya kibanja na barua ya LC1. Waliikubali mwaka uliofuata. Kile tulicholipa kwa chumba cha saba hakikurudi. Kama una jengo la kupangisha mjini, nenda manispaa uulize orodha yenu itafanyiwa uthamini upya lini, na siku rasimu ikitoka uende na kalamu.

URA ni habari nyingine, na hapo hesabu ni rahisi kuliko watu wanavyoogopa. Tangu Julai 2022, mtu binafsi anatozwa asilimia 12 ya pango lote la mwaka linalozidi shilingi 2,820,000, na hakuna kupunguza gharama za ukarabati. Vyumba vyetu sita ni 150,000 kila kimoja kwa mwezi. Hiyo ni 900,000 kwa mwezi, 10,800,000 kwa mwaka. Toa 2,820,000, inabaki 7,980,000. Asilimia 12 yake ni 957,600. Mwaka wa kodi ni Julai hadi Juni, si Januari hadi Desemba, na hapo pia nilikosea mara ya kwanza. Mama alihitaji kwanza TIN, namba ya mlipa kodi, akaipata mtandaoni kwa kitambulisho chake cha taifa, mdogo wangu akiwa amekaa naye na kompyuta.

Bahati ilitukuta kidogo. Mwaka 2023 bunge lilipitisha kwamba anayelipa kodi ya msingi aliyokuwa akidaiwa kabla ya mwisho wa Desemba, faini na riba zilizokuwa zimelimbikizwa hadi 30 Juni zinafutwa. Tuliingia Septemba. Mama aliuza mbuzi wawili na kaka yule wa tatu, yule wa maneno ya Jumamosi, akatoa kilichopungua bila kuombwa. Hakusema kitu, na sisi hatukusema kitu.

Mwezi wa Januari uliofuata nilikwenda kwenye mizigo kukusanya pango kama kawaida. Safari hii nilianzia nyuma ya migomba. Jajja alikuwa tayari, pesa ya busuulu amezifunga kwenye ncha ya leso. Alizihesabu mbele yangu noti kwa noti, akanikabidhi, kisha akanyoosha mkono ukabaki hewani.

"Risiti," alisema.

Sikuwa nayo. Nilimwambia nitamletea mwezi ujao. Alinyoosha ule mkono mwingine, akazichukua pesa zake polepole kutoka kiganjani mwangu, akazifunga tena kwenye leso.

Niliteremka mpaka dukani kando ya barabara nikanunua kitabu cha risiti cha nakala mbili na kipande cha karatasi ya kaboni. Nikarudi, nikakaa naye barazani, nikaandika: namba 1, jina lake lote kama lilivyo kwenye kitambulisho, Kyadondo, bloki, ploti, tisa kabla ya sita. Aliisogeza karibu na macho, akaisoma yote kwa kidole, akaomba niandike mwaka kwa maneno pia, si kwa tarakimu peke yake. Niliandika. Ndipo akaifungua kavera.